Shukrani kwa Mchonga Penseli

Tuanze na penseli, kwa sababu ndiyo iliyowasha moto.

Katika nakala ya kusahihisha ya kile kitabu kikubwa, ukurasa wa nne, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama za maelekezo ya dawa, palikuwa na sentensi hii: "Namshukuru pia shemeji yangu, kwa kunichongea penseli." Shoto aliisoma akiwa amesimama. Akaketi, akaisoma tena, labda ukiketi inasomeka vingine. Haikusomeka vingine. Akauweka ukurasa juu ya meza na kuukandamiza kwa chupa ya wino kana kwamba ungetoroka.

Kitabu kilikuwa na picha mia mbili, zote za wino. Fuvu la kichwa, mzinga wa nyuki uliokatwa katikati, pampu ya maji, mizizi ya mharage, sikio la ndani, pafu la kuku. Zote mia mbili zilitoka kwenye mkono wa Shoto, mkono wa kushoto, ule uliompa jina hilo tangu shuleni. Na jina lililokaa juu ya jalada, kwa herufi za kusomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara, lilikuwa la Shemeji.

Shemeji alikuwa mume wa dada yake. Miaka kumi na minane nyuma alikuwa na ofisi ndogo ya kuchora picha za vitabu vya shule, chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, na Shoto alikuwa na miaka kumi na tisa, hana kazi, amehamia kwa dada yake na mkoba mmoja. Tumpe mtu haki yake hata kama hana haki: Shemeji ndiye aliyemfundisha. Alimwekea yai mezani, akamwonyesha njia tatu za kutia kivuli kwa wino. Ya kwanza ni mistari sambamba, ikibanana penye giza na kuachana penye mwanga. Ya pili ni mistari inayokatana, safu juu ya safu, kadiri unavyotaka giza lizidi. Ya tatu ni nukta, nukta, nukta, mpaka shingo iume. Wino hauna kijivu, akamwambia. Una nyeusi na una karatasi, basi. Kijivu chote ni ujanja wako.

Lilikuwa somo zuri. Bahati mbaya mwalimu mwenyewe hakuwa amelielewa. Shemeji alikuwa hodari wa mstari wa nje, ule wa kuzungushia kitu, lakini vitu vyake vyote vililala bapa kama chapati. Chungu alichokichora yeye kingevuja kabla hujatia maji. Alitia kivuli kama mtu anayepaka rangi uzio, mistari yote imenyooka, iwe shavu iwe ukuta. Shoto, wiki ya pili, bila kuambiwa, aligundua kwamba mstari lazima uufuate mwili: ukitia kivuli mkono wa mtu, mistari iuzunguke kama bangili, ukitia kivuli yai, ijipinde nalo. Yai lake lilisimama juu ya karatasi. Dada, aliyeingia kuchukua vikombe, alitaka kuliokota.

Tangu siku hiyo Shemeji hakuchora tena kitu chenye tumbo. Alikutana na wateja, alivaa shati jeupe lenye mfuko, na kila picha ilipokauka aliichukua na kutia sahihi pembeni. Mwanzoni Shoto aliuliza. Akajibiwa kwamba jina moja linakaa kichwani mwa watu, majina mawili yanawachanganya, na kwamba siku kitakapotoka kitabu chenyewe, kitabu cha picha zote, jina lake litakaa kando ya lile lingine, herufi sawa kwa sawa. Shoto alikubali. Alikuwa anakula kwa dada yake, na mkono mtupu haulambwi. Miaka kumi na minane aliisubiri siku hiyo, na siku ikaja na penseli.

Sasa, kama Shoto angekuwa mtu wa kupiga kelele, hadithi ingeishia jikoni, kwa sahani mbili tatu kuvunjika na Dada kulia. Lakini mtu aliyezoea kuweka nukta elfu nne kwenye pafu la kuku ana subira ya kutisha. Alichukia, sitaki kusema vingine. Alichukia mpaka meno yakamuuma. Halafu akanawa mikono, akarudi mezani. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jumatatu Shemeji akamjia kwa sauti ya asali. Kitabu kingezinduliwa Jumamosi ya wiki iliyofuata katika chuo cha sanaa, na siku hiyohiyo angetangazwa mkuu wa idara ya uchoraji. Palikosekana kitu kimoja tu. Kitabu kama kile hufunguliwa na picha ya msanii aliyejichora mwenyewe. Naye, kama Shoto alivyojua, siku hizi kiganja kilikuwa kinamuuma.

"Nisaidie hiyo moja tu, shemeji," alisema. "Ya mwisho."

"Watu watataka kujua ulijichoraje," Shoto akamwambia.

"Mbele ya kioo, kama wanavyofanya wakubwa wote. Nitaandika chini yake, wasihangaike kuuliza."

Shoto akainama kuokota nibu ya kalamu ambayo haikuanguka, ili asionekane uso. Akasema sawa, atamchora, ila akae jikoni kwenye kiti cha Dada, maana mwanga wa pale ni mzuri, na asitikisike.

Alikaa saa tatu. Dada alikuwa anachambua mchele na kuwapita huku na huku. Shoto alimtazama Shemeji kama alivyokuwa akitazama mafuvu, bila hasira, maana hasira hutetemesha mkono. Shemeji alikuwa na kovu linalopasua nyusi ya kushoto, la kuangukia baiskeli utotoni. Alikuwa na mfuko wa shati kifuani upande wa kushoto, kama mashati yote ya wanaume. Aliomba aonekane ameshika kalamu, akaishika kwa mkono wa kulia, vidole vimejipanga kama vya mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Na Shoto akamchora alivyo. Hilo ndilo lililokuwa kosa, na kila mchoraji aliyewahi kujichora angeliona akiwa mlangoni. Ukisimama mbele ya mtu, kovu lake la kushoto unaliona upande wako wa kulia. Ukisimama mbele ya kioo, kovu lako la kushoto linabaki kushoto kwako. Kwa hiyo aliyejichora kwa kioo hutoka amegeuzwa: kovu linahama nyusi, mfuko unahama kifua, na kalamu ya mkono wa kulia inaonekana iko mkono wa kushoto. Picha ya Shoto haikugeuza kitu. Kovu lilikuwa kulia kwa karatasi, mfuko kulia, kalamu kushoto. Ilikuwa picha ya mtu aliyetazamwa na mwingine kutoka kiti cha pili, na kila mstari wake ulisema hivyo.

Akaitia kivuli kuliko alivyowahi kutia kitu chochote. Mistari ilizunguka shavu, ikashuka na shingo, ikakatana chini ya kidevu mara mbili, mara tatu. Penye jasho la pua aliacha karatasi tupu, nafasi ndogo kama punje ya mtama, na pua ikatoka nje. Akatia nukta chini ya macho. Hakumwongezea ubaya. Alitaka afanane mpaka mama yake mzazi aapie.

Shemeji alipoiona akakunja uso.

"Nzuri," alisema. "Ila... sijui. Kama siyo mimi hasa."

Bila shaka aliiona siyo yeye. Maisha yake yote alikuwa amejiona kwenye kioo tu, na huyu wa karatasini alikuwa yule wanaomwona wengine. Angefikiri kidogo zaidi angefika. Hakufika. Njia ilikuwa inapita kwenye kujitilia shaka, na huko hakuwa na mazoea ya kutembea.

"Ni kivuli," akaamua. "Shavu hili limekuwa jeusi mno. Lipunguze."

"Wino haufutiki, shemeji. Ukitaka kitu king'ae, unazidisha giza jirani yake."

Basi akamzidishia giza nyuma ya kichwa, safu nyingine ya mistari, na shavu likang'aa kweli, wala hakuna aliyeligusa. Shemeji akaridhika. Akatoa kalamu mfukoni na kuandika chini, kwa mwandiko wake wa madaha: *Msanii, kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kioo.* Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikuwa amekataa hata kamba.

Jioni ile Dada aliikuta picha mezani. Alifuta mikono kwenye kanga, akaiinamia kwa muda mrefu. Dada hakusoma uchoraji popote, lakini alikuwa mke wa mwenye kovu lile kwa miaka ishirini na miwili. Akasoma na maandishi. Akatazama picha tena.

"Huyu ndiye ninayemwona mimi mezani kila siku," alisema polepole. "Yeye hajawahi kumwona."

Walitazamana. Shoto alijua kwamba neno moja tu la Dada lingemwokoa Shemeji, na kwamba dada yake alikuwa na haki zote za kulisema; aibu ya mume haimwachi mke amekaa. Dada akachukua vikombe.

"Na ile ya penseli nimeisoma," alisema akiwa mlangoni. "Usiiache hapa picha, itamwagikiwa na chai."

Shoto alikuwa ametega mtego kwa ajili ya walimu wa uchoraji wa chuo. Aliwaza kwamba mmoja wao, mwenye macho, angeona, angenong'ona, na mnong'ono ungefanya kazi yake. Hakumwaza kabisa Mama Chapa.

Mama Chapa ndiye aliyekichapa kitabu. Alikuwa mwanamke mnene, mkali, wa kusema ukweli hata palipo na msiba, na alikuwa bado anapiga chapa kwa mabamba ya zinki. Bamba hubeba kila kitu kinyumenyume ili karatasi itoke sawa, naye alikuwa ameishi kati ya vitu vilivyogeuka kwa muda mrefu kiasi kwamba herufi za kinyume alizisoma haraka kuliko za kawaida. Picha ya Shemeji ilipokuwa kwenye bamba, imegeuzwa, kovu lilikaa kushoto na kalamu kulia, sawasawa na mtu wa mbele ya kioo. Mama Chapa akasoma maelezo, akatazama picha, akaona vinaelewana, akapiga nakala mia tano. Ni usiku wa kuamkia Jumamosi, akifunga maboksi, alipofungua nakala moja na damu ikamwisha mwilini. Kwenye karatasi, msanii wa mbele ya kioo alikuwa hajageuzwa. Akajua moja kwa moja nani mkosaji. Mkosaji ni yeye, ameligeuza bamba.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, ukumbi wa chuo umejaa, kila mgeni na nakala yake mkononi, Dada amekaa mbele kwa gauni la zambarau, Shoto amekaa nyuma karibu na mlango, mkuu wa chuo amemaliza kusifu ule mkono usio na mfano, Mama Chapa akasimama na nakala kifuani kama mtu anayekwenda kuungama.

"Naomba radhi mbele ya watu," alisema. "Nimemharibia huyu bwana kitabu. Picha yake ya mbele nimeichapa imegeuka. Mtu akijichora kwa kioo, kovu linakuja huku. Mimi nimelipeleka huku. Nitazichapa upya zote."

Ukumbi ulicheka kwa upole. Shemeji alicheka kuliko wote, akasema jambo dogo tu hilo, mama, kaa. Hakuwa ameelewa. Lakini Mama Chapa si mtu wa kukaa akiwa na deni la kosa. Picha yenyewe ya asili ilikuwa pale mbele, kwenye fremu, imefunikwa kitambaa kungoja kufunuliwa. Akaipandia jukwaani, akafunua mwenyewe, akaweka nakala kando yake. Akatazama ya kushoto, akatazama ya kulia.

"Ah," alisema, na mabega yakamshuka kwa nafuu. "Kumbe sikugeuza kitu. Ndivyo ilivyochorwa." Akageuka kwa Shemeji, na hakuwa na nia mbaya hata chembe. "Sasa bwana, hicho kioo kilikuwa wapi?"

Watu wakacheka tena, halafu kicheko kikafia katikati, kuanzia safu ya walimu. Mkuu wa chuo, mwenyewe mchoraji, aliinuka na kuvaa miwani.

Tumpe tena mtu haki yake: Shemeji alikuwa mwepesi. Akasema alitumia vioo viwili, kimoja kikitazama kingine, na kioo cha pili hurudisha kilichogeuzwa na cha kwanza. Ni kweli, hurudisha. Shoto pale nyuma aliushika mgongo wa kiti cha mbele yake; miaka kumi na minane, na mwongo huyu anatoka kwa tundu la sindano. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Wasemao hivyo hawakuwahi kuishi naye nyumba moja.

Lakini mkuu wa chuo hakurudi kitini. Alikuwa ameisogelea picha mpaka pua inakaribia kioo cha fremu.

"Vioo viwili, nakubali," alisema. "Picha inaonyesha umeshika kalamu mkono wa kulia."

"Ndiyo mkono wangu."

"Mtu wa mkono wa kulia, mistari yake ya kivuli huinamia kulia. Hii imeinamia kushoto. Yote." Akafungua kitabu katikati, akafungua mbele, akafungua nyuma. Fuvu, mzinga, pampu. "Na hii. Na hii. Bwana, nisaidie kuelewa. Chukua kalamu, nitilie mistari mitano tu hapa pembeni, kivuli cha yai."

Kalamu ya kuchovya ililetwa, na wino, na karatasi nyeupe. Shemeji aliishika kama alivyoishika jikoni, vidole vimejipanga. Akaizungusha. Akasema kiganja kinamuuma. Akatazama huku na huku, na macho yake yakavuka ukumbi mzima, juu ya vichwa vyote, yakamfikia Shoto karibu na mlango. Yalikuwa macho ya mtu anayezama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao alimwita kwa upole usio na hila.

"Shemeji, njoo. Njoo uwaeleze namna tunavyofanya kazi."

Vichwa mia mbili vikageuka. Hii ndiyo ilikuwa nafasi. Angekwenda, akatabasamu, akasema wanafanya kazi pamoja, Shemeji angeokoka na jina la Shoto lingepata kipembe chake jaladani, maana asingethubutu kumnyima tena. Kilichomchukua miaka kumi na minane kukingoja kilikuwa kimesimama mbele yake, kimenyoosha mkono. Shoto alisimama.

"Mimi nachonga penseli tu, shemeji," alisema. "Mambo ya wino nitayajulia wapi? Imeandikwa ukurasa wa nne."

Karatasi zilisikika zikifunguliwa ukumbini kote, kila mtu akitafuta ukurasa wa nne.

Akutendaye mtende, mche asiyekutenda. Wapo watakaokwambia kisasi ni kichungu ukishakionja, wameonjeshwa kidogo. Shoto alikionja kizima, na kilikuwa kitamu mpaka kwenye vidole. Kitu kimoja tu kilimchoma, nacho kilikuwa gauni la zambarau safu ya mbele, ambalo halikuwa limesogea.

Ndipo lilipoinuka. Dada hakumtazama mumewe wala mdogo wake. Alimwambia mkuu wa chuo, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba hakukuwa na kioo kimoja wala viwili. Mumewe alikaa kwenye kiti chake cha jikoni, saa tatu, na yeye alikuwa anachambua mchele.

"Aliyemchora ni yule pale nyuma," alisema. "Wa mkono wa kushoto. Mpeni kalamu."

Walimpa. Yai lilichukua dakika nne, na Mama Chapa, aliyekuwa bado jukwaani, alilitazama kwa upande kuhakikisha halitabiringika.

Nakala mia tano hazikuuzwa. Mama Chapa alizichana kwa raha, akaanza upya, na jalada jipya lina jina moja, jina kamili la Shoto na la baba yake, herufi za ng'ambo ya barabara. Shemeji hakuupata ukuu wa idara. Alituma ujumbe kupitia kwa Dada, kuomba jambo moja tu, kwamba picha yake iondolewe. Dada aliufikisha kama ulivyo, bila kuuombea.

Shoto alifikiri kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akaiacha picha palepale, ukurasa wa kwanza, akamwambia Mama Chapa ayaache yale maandishi ya madaha nje ya bamba, chini yake pabaki peupe. Halafu akafungua ukurasa wa nne wa nakala mpya ya kusahihisha, akachovya kalamu, na kwa mkono wa kushoto, kwa herufi ndogo kama za maelekezo ya dawa, akaandika sentensi ya mwisho ya shukrani zake:

"Namshukuru pia shemeji yangu, kwa kukaa bila kutikisika."